Filimbi Iko Mkononi mwa Nani?

Katika hifadhi ya kumbukumbu ya Mayibuye, Chuo Kikuu cha Western Cape nchini Afrika Kusini, kuna makasha ya barua ambazo ukizitazama harakaharaka huoni kwa nini ziliandikwa. Katibu wa klabu ya mpira anamwandikia katibu wa chama. Anataja mechi, anaeleza malalamiko yake dhidi ya refa, anaomba shauri lisikilizwe na kamati inayohusika. Katibu wa chama naye anajibu kwa lugha ileile ya heshima, na nakala inawekwa kwenye jalada. Watu hawa hawakuwa wakikaa miji tofauti. Walikuwa wafungwa wa Kisiwa cha Robben, na wengine walilala chumba kimoja, mikeka yao ikitenganishwa na hatua chache za sakafu ya saruji. Mtu angeweza kugeuka tu akasema na mwenzake. Wakachagua kuandika.

Kila ninapofikiri juu ya michezo magerezani, huanzia kwenye barua hizo. Mjadala wetu kuhusu jambo hili huishia mno kwenye vifaa: mfadhili ameleta mipira na jezi, picha imepigwa, mkuu wa gereza ameshukuru. Hayo ni mema, na gereza lisilo na mpira linauhitaji. Lakini barua za Robben zinauliza jambo zito zaidi. Mahali ambapo mtu huamuliwa saa ya kuamka, kula, kuoga na kulala, nani anaamua mchezo? Nani anapanga ratiba, nani anashika filimbi, na aliyeonewa anakata rufaa kwa nani? Naamini faida kubwa kuliko zote ambayo mchezo unaweza kumpa mfungwa inategemea majibu ya maswali hayo.

Upande gani wa ukuta

Kwanza tutenganishe mambo mawili. Msomaji wa kurasa za michezo akisikia neno "Magereza" atafikiria Tanzania Prisons ya Mbeya, Wajelajela wa Ligi Kuu, au timu ya voliboli ya wanawake ya Kenya Prisons iliyotwaa ubingwa wa klabu za Afrika mara kadhaa. Hizo ni timu za taasisi. Wachezaji wake hawatumikii kifungo, na mechi ikiisha hurudi kwao. Uchambuzi huu unawahusu walio upande wa pili wa ukuta, wale wanaohesabiwa jioni kabla mlango haujafungwa.

Kwao, "michezo" inaweza kuwa mambo mengi. Kuna gereza ambako ni kuzunguka uani kwa saa moja. Kuna ambako ni bonanza la sikukuu mara moja kwa mwaka. Juni 2018, Kombe la Dunia lilipokuwa likichezwa Urusi, wafungwa wa Kamiti nchini Kenya walicheza kombe lao wenyewe wakivaa majina ya mataifa. Kuna magereza yenye ligi kamili inayokwenda msimu mzima. Na mjini Turin, Italia, iko timu ya raga ya wafungwa, La Drola, inayoshiriki ligi ya kawaida ya chama cha raga cha nchi hiyo, wapinzani wakiingia gerezani kucheza nayo.

Wanaotetea mipango hii hutaja faida tatu: afya ya mwili na akili, utulivu wa gereza, na maandalizi ya kurudi uraiani. Tuzipime moja moja, maana hazina uzito mmoja.

Mwili

Faida ya kwanza haina ubishi, na sheria za kimataifa zimeitambua zamani. Kanuni za Kiwango cha Chini za Umoja wa Mataifa kuhusu wafungwa zilipitishwa Geneva mwaka 1955, zikafanyiwa marekebisho na kupitishwa na Baraza Kuu Desemba 2015 kwa jina la Kanuni za Nelson Mandela. Kanuni ya 23 inataka kila mfungwa asiyefanya kazi ya nje apate angalau saa moja ya mazoezi mahali pa wazi kila siku, hali ya hewa ikiruhusu, na vijana na wengine wenye uwezo wapewe mafunzo ya viungo na michezo, pamoja na nafasi na vifaa. Kanuni ya 42 inasema mahitaji ya msingi ya maisha gerezani, yakiwemo hewa safi na mazoezi, ni ya wafungwa wote bila kubagua. Ya 105 inataka shughuli za burudani na utamaduni ziwepo katika kila gereza. Hapa jirani, Ibara ya 51 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inasema aliyefungwa anabaki na haki zake zote isipokuwa zile ambazo ni wazi haziwezi kuendana na kufungwa kwake.

Jina la Mandela limekaa mahali pake. Alikuwa bondia katika ujana wake, na gerezani aliendelea na mazoezi ya alfajiri ndani ya seli: kukimbia papo kwa papo, kupiga pushapu, kunyoosha tumbo. Seli haikumpa nafasi ya kupiga hatua nyingi, naye akaufanyia mwili wake kazi mahali alipo.

Katika magereza mengi ya kwetu msongamano unalifanya jambo hili kuwa la uhai. Seli ikibeba watu kupita idadi iliyojengewa, watu hulala ubavu, na mmoja akitaka kugeuka inabidi safu nzima igeuke. Hewa haizunguki, kifua kikuu hupata njia. Saa mbili za uwanjani ni saa mbili za kupumua.

Hapa huwa linaibuka pingamizi ambalo nimelisikia mara nyingi: wafungwa wetu wanalima, wanafyatua matofali, wanachoka vya kutosha, mazoezi ya nini tena? Robben ina jibu. Wafungwa wale walivunja mawe machimboni siku tano za wiki, wakichokeshwa kwa makusudi. Ni haohao walioomba, kwa miaka mitatu hivi, waruhusiwe kucheza mpira Jumamosi. Kazi ya amri huutumia mwili wa mtu. Mchezo humrudishia mtu mwili wake, akauamrisha mwenyewe: nipige pasi au nikokote? Nikabe au nirudi nyuma? Mtu anayeishi kwa kuamriwa tangu kengele ya asubuhi anaweza kukaa miaka asifanye uamuzi wowote wa namna hiyo.

Makana

Tuitazame Robben kwa undani, kwa kuwa hakuna mfano ulioandikwa vizuri kuliko huu. Mwanzoni watu walicheza ndani ya vyumba kwa mpira wa matambara yaliyofungwa kamba, ule ambao mtoto yeyote wa Manzese au Majengo aliyecheza chandimu anaujua kwa mguu wake. Maombi ya kucheza nje yalikuwa yakipelekwa kwa wakuu wa gereza wiki baada ya wiki, na yalikataliwa, wakati mwingine kwa adhabu. Shinikizo la wafungwa, pamoja na la wageni wa nje kama Msalaba Mwekundu, hatimaye likafungua mlango. Desemba 1967 mechi ya kwanza ikachezwa.

Mwaka 1969 wakaunda chama: Makana Football Association. Makana, aliyeitwa pia Nxele, alikuwa nabii na kiongozi wa vita wa Waxhosa aliyefungwa na Waingereza kisiwani hapohapo miaka 150 hivi kabla yao, akazama baharini akijaribu kutoroka. Chama kikawa na katiba, madaraja matatu ya ligi, mafunzo ya marefa, kamati ya nidhamu na utaratibu wa rufaa. Sheria zilikuwa zile za FIFA, bila kupunguza. Wafungwa waliutengeneza uwanja kwa mikono yao, na nyavu za magoli zikatokana na nyavu za uvuvi zilizoletwa pwani na bahari.

Walichokijenga kilikuwa kigumu kuliko kinavyosikika. Wafungwa wale walitoka vyama vilivyotofautiana vikali, hasa ANC na PAC, na klabu za mwanzo zilifuata mipaka hiyo ya siasa. Manong FC ikaja na msimamo mwingine: anayejua mpira anakaribishwa, chama chake kibaki chake. Polepole klabu nyingine zikafuata. Watu waliokuwa hawakai kikao kimoja wakajikuta wakigawana beki na mshambuliaji.

Kisha kikaja kisa kinachotufundisha zaidi. Mwishoni mwa 1970 klabu ya Atlantic Raiders, iliyokusanya nyota, ilifungwa bao ililoliona si halali. Wakapinga. Wachezaji wao wakafika hadi kulala katikati ya uwanja ili mpira usichezwe. Shauri likapelekwa kwenye kamati, na likaendelea kwa miezi: ushahidi, barua, utetezi, rufaa. Ukifikiri kwa haraka utaona watu waliopoteza muda kwa bao moja. Fikiri tena. Walikuwa wamefungwa na serikali ambayo mahakama zake ziliwahukumu kwa sheria wasizozitunga. Hapa walikuwa na sheria waliyoitunga, hakimu waliyemchagua, na mshtakiwa mwenye haki ya kujitetea. Walilishika shauri lile kwa uzito kwa sababu lilikuwa lao.

Mwenyekiti mmojawapo wa Makana alikuwa Dikgang Moseneke. Alihukumiwa miaka 10 akiwa na umri wa miaka 15, akasomea kisiwani, na mwaka 2005 akawa Naibu Jaji Mkuu wa Afrika Kusini. Jacob Zuma alicheza katika klabu ya Rangers na kuchezesha mechi kama refa. Steve Tshwete, aliyeongoza raga kisiwani, akawa waziri wa kwanza wa michezo wa Afrika Kusini huru mwaka 1994. Mandela na wenzake wa kitengo cha kutengwa hawakuruhusiwa kucheza katika ligi hiyo hata siku moja. Tarehe 18 Julai 2007, siku Mandela alipotimiza miaka 89, FIFA iliipa Makana uanachama wa heshima.

Msomaji atasema, na kwa haki: hao walikuwa wafungwa wa siasa, watu wenye nidhamu ya vyama na elimu. Utaratibu huo unawezekana kwa mwizi na muuaji?

Luzira

Jibu liko Kampala. Luzira ya Juu ni gereza la ulinzi mkali lililojengwa enzi za mkoloni juu ya kilima karibu na Ziwa Viktoria, na linabeba watu mara kadhaa zaidi ya idadi liliyojengewa. Wengi wao wana hatia za makosa mazito. Ndani yake wafungwa wameendesha chama chao cha michezo, UPSA, chenye katiba iliyoandikwa, viongozi wa kuchaguliwa, marefa, usajili na uhamisho wa wachezaji, na ligi ya timu kumi zenye majina ya klabu za Ulaya: Manchester United, Liverpool, Arsenal na nyinginezo. Mwandishi wa historia ya soka David Goldblatt aliitembelea na kuiandikia BBC mwaka 2015, dunia ikashangaa.

Sioni la kushangaa, isipokuwa kama tuliamini kwamba aliyevunja sheria ya nchi hana uwezo wa kutunza sheria yoyote. Luzira inakanusha imani hiyo kila wiki. Mtu aliyehukumiwa kwa kuua anaonyeshwa kadi nyekundu na mfungwa mwenzake, labda mwenye kosa dogo na kifungo kifupi kuliko chake, na anatoka nje ya mstari. Anaweza kunung'unika, lakini anatoka. Kitendo hicho cha kutoka kina thamani kuliko hotuba nyingi za urekebishaji. Mtu ameutii uamuzi asioupenda, bila rungu, kwa sababu anataka ligi iendelee kuwepo Jumamosi ijayo.

Utulivu, na hatari yake

Faida ya pili, utulivu wa gereza, ndiyo huwavutia zaidi maofisa. Mfungwa mwenye mechi kesho ana sababu ya kutopigana leo. Askari wengi watakuambia hivyo, na ni kweli. Lakini jambo hili lina makali pande mbili.

Upande wa kwanza: kitu kinachotolewa kwa ajili ya utulivu hugeuka haraka kuwa fimbo. Robben wakuu walijifunza kuifuta Jumamosi kama adhabu, na kosa la mmoja likawanyima wote. Palipo na utaratibu wa haki, saa ya hewa na mazoezi ya msingi haiguswi, kwa kuwa ni haki. Kinachoweza kusimamishwa ni nafasi ya mtu mmoja katika ligi, kwa kosa lake, kwa muda uliotajwa, baada ya kusikilizwa.

Upande wa pili ni mgumu zaidi kwangu, maana unagusa hoja yangu yenyewe. Kila gereza lina wakubwa wake wa ndani: wanyapara, wababe wa seli, wenye pesa na sigara. Ukisema "wafungwa waendeshe wenyewe," unaweza kuwa umempa filimbi mbabe. Timu itakuwa yake, dawa na mkate wa ziada vitakuwa vya wachezaji wake, kamari ya sabuni na sukari itaendeshwa kwa jina la ligi, na mnyonge ataonewa mara mbili.

Hatari hiyo ni ya kweli. Kinachoizuia ni vitu vilevile ambavyo Makana walivipenda mno: maandishi, uchaguzi wenye muda wa mwisho, kamati ya rufaa isiyo na watu wa klabu zinazohusika, na ofisa wa gereza anayesoma muhtasari wa kila kikao bila kuuandika yeye. Mbabe huchukia daftari. Uonevu unapenda maneno ya mdomo, yasiyo na tarehe wala saini.

Je, hawarudii makosa?

Faida ya tatu ndiyo inayotangazwa zaidi na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi. Nchini Argentina, mwaka 2009, mwanasheria Eduardo Oderigo alianzisha timu ya raga ya Los Espartanos katika gereza la San Martín, Buenos Aires. Takwimu zinazonukuliwa sana kuhusu mpango huo zinasema kurudia makosa kumeshuka kutoka asilimia 65 hadi asilimia 5 kwa waliopitia humo. Sina sababu ya kutilia shaka bidii yao. Ila tujiulize: nani hujiunga na raga, akakubali nidhamu, akadumu miaka? Mara nyingi ni yule ambaye moyo wake umeshaanza kugeuka. Ukimlinganisha na yule aliyebaki selini, unalinganisha mbegu mbili tofauti kisha unalisifu shamba.

Kwa ujumla, ushahidi wa tafiti ni imara zaidi kuhusu mambo yaliyo ndani ya ukuta: afya, msongo wa mawazo, usingizi, mahusiano kati ya wafungwa na askari. Kuhusu maisha baada ya lango ni dhaifu zaidi, kwa kuwa huko mtu hukutana na mengi ambayo mpira hauyafikii: ajira, nyumba, ndugu waliomchoka, jirani anayemnyooshea kidole. Profesa Rosie Meek, aliyeikagua michezo katika magereza ya Uingereza na Wales na kutoa ripoti yake mwaka 2018, alisisitiza kwamba michezo ifungamane na elimu, afya na ajira. Serikali ilikubali mengi, ikakataa pendekezo lake la kujaribu ndondi na michezo ya mapambano. Mwaka huohuo David Dein, aliyekuwa makamu mwenyekiti wa Arsenal, alianzisha mpango wa kuunganisha klabu za kulipwa na magereza ya jirani, wafungwa wakisomea ukocha na urefa na kutoka na cheti.

Cheti hicho kinanipa matumaini kuliko kombe, kwa kuwa mtu hutoka nacho. Mtu anaweza pia kutoka na watu. Huko California, klabu ya wakimbiaji ya gereza la San Quentin, iliyoanzishwa mwaka 2005, hukimbia marathoni kwa kuzunguka uwanja wa gereza mara 105. King'ora cha hatari kikilia, kila mkimbiaji huketi chini palepale, na saa ya mbio haimsubiri. Makocha ni watu wa nje wanaojitolea, na uhusiano haukatiki langoni. Markelle Taylor, aliyefungwa miaka 18, alitoka Machi 2019, na mwezi uliofuata alikimbia marathoni ya Boston kwa muda wa saa 3 na dakika 3. Kasi yake ilikuwa ya miguu yake. Lakini alipotoka aliwakuta watu waliokuwa wakimjua kwa jina, kwa muda wake wa mbio na kwa neno lake la ahadi, na hilo ndilo wengi hukosa siku ya kwanza uraiani.

Mchezo unapogeuka onyesho

Si kila kinachoitwa mchezo gerezani kinastahili kutetewa. Katika gereza la Angola, jimbo la Louisiana nchini Marekani, shamba la zamani la watumwa lililobeba jina la nchi walikotolewa watu hao, yapo maonyesho ya wapanda farasi na fahali tangu miaka ya 1960. Umma hununua tiketi. Mojawapo ya vivutio ni wafungwa wanne kukaa kwenye meza huku fahali akiachiwa awashambulie, na mshindi ni wa mwisho kubaki kwenye kiti. Wafungwa hujitokeza kwa hiari, wengine kwa ajili ya zawadi ya fedha, wengine kwa nafasi ya kuuza kazi zao za mikono na kuona watu wa nje. Ila hiari ya mtu asiye na njia nyingine ya kuona watu ni hiari yenye njaa ndani yake. Pale sheria ya mchezo imetungwa ili mtazamaji asisimke, na mwili wa mfungwa ni bidhaa.

Ndondi zinaleta swali gumu zaidi. Oktoba 1978 James Scott, mfungwa wa gereza la Rahway, New Jersey, alimshinda Eddie Gregory, mpinzani wa hadhi ya juu, katika pambano lililopiganwa ndani ya gereza na kuonyeshwa kwenye televisheni. Mwaka uliofuata chama cha WBA kilimwondoa kwenye orodha yake kwa sababu ni mfungwa. Thailand ilichukua njia nyingine: mwaka 2007 Siriporn Taweesuk, mwanamke aliyefungwa kwa kosa la dawa za kulevya, alitwaa mkanda wa dunia wa WBC katika pambano lililofanyika gerezani.

Hapa ndipo waliokosewa wanapopaswa kusikilizwa. Mama aliyemzika mwanawe ana haki ya kuumia akimwona aliyemuua akinyanyuliwa juu na mashabiki. Uchungu wake haujibiwi kwa nadharia. Naona majibu mawili ya kweli. La kwanza: hukumu ya mahakama ni kunyimwa uhuru, na sehemu kubwa ya waliofungwa watatoka siku moja, wakae tena mtaa uleule na watu walewale. Mtaa unafaidika wakitoka wakiwa wamezoea kutii uamuzi na kuheshimu zamu ya mwenzao. La pili: heshima kwa aliyekosewa inadai mipaka. Ligi ya gerezani haihitaji umaarufu, kamera wala tiketi. Inahitaji ratiba. Kadiri mchezo unavyochezwa kwa ajili ya wachezaji wenyewe, ndivyo unavyopunguza kumkera yule mama na kuwasaidia zaidi wafungwa.

Walioachwa nje ya mstari

Uchambuzi wa michezo magerezani ukiishia kwa wanaume vijana wenye nguvu, umeacha watu wengi. Wanawake ni wachache katika magereza karibu yote duniani, na kwa uchache wao hupewa ua mdogo, wakati mwingine kona tu ya gereza la wanaume, na uwanja huwa wa wengi. Wengine wana watoto wachanga mgongoni. Kwao mpango mzuri unaanza na swali la nani atamshika mtoto kwa dakika arobaini mama akicheza mpira wa pete.

Mahabusu naye husahauliwa. Kwa kuwa kesi yake haijaisha, hahesabiwi katika mipango ya "urekebishaji," ingawa anaweza kukaa rumande miaka. Huyu sheria bado inamwita asiye na hatia, na mara nyingi ndiye anayefungiwa saa nyingi zaidi. Kisha kuna wazee, wagonjwa, wenye ulemavu, na wale ambao mpira haujawahi kuwapenda. Bao na drafti, sataranji, wavu wa kukaa chini, kuhesabu muda, kuandika matokeo, kutibu majeraha: ligi kamili ina kazi za watu wengi kuliko ishirini na wawili. Sedick Isaacs, mwalimu wa hesabu aliyefungwa Robben, anakumbukwa zaidi kwa kuandaa michezo na kutunza kumbukumbu kuliko kwa kufunga mabao, na bila watu wa aina yake leo tusingejua lolote la Makana.

Kinachohitajika

Nikiyaweka pamoja haya yote, naona mpango wa maana hauhitaji fedha nyingi, na hiyo ni habari njema kwa nchi zetu. Unahitaji uwanja, hata wa mchangani. Unahitaji ratiba ambayo mkuu wa gereza akihamishwa, anayekuja anaikuta na kuiendeleza. Unahitaji nakala ya sheria za mchezo kwa lugha wanayoisoma wachezaji, na chama cha wafungwa chenye katiba fupi, uchaguzi na rufaa. Unahitaji ofisa mmoja aliyefunzwa, ambaye kazi yake ni kuhakikisha mnyonge anapata namba akistahili. Unahitaji vyama vya marefa na makocha vya wilaya kukubali kuingia, kutahini na kutoa vyeti visivyotaja vilipopatikana, ili mtu asidai kazi huku karatasi yake ikimsemea jela. Na unahitaji klabu ya mtaani ambayo, mtu akitoka, itamwambia aje Jumamosi.

Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Mfungwa yuko mbali na kwao, na methali hiyo kwake inauma. Lakini ligi inayoendeshwa kwa haki humpa kwao pa muda: mahali anapoitwa kwa jina, ana namba mgongoni isiyo ile ya kifungo, ana zamu, ana wenzake wanaomtegemea afike kwa wakati.

Mipira yote iliyochezwa Robben imekwisha kuoza. Viatu vimeoza, na nyavu zile za bahari zimerudi kuwa takataka. Zilizobaki ni karatasi, kwa kuwa watu wale walijua walichokuwa wakikilinda. Kwa hiyo yeyote atakayealikwa kesho kukabidhi jezi katika gereza lolote la kwetu, namwomba jambo moja kabla ya picha kupigwa. Aombe kuona daftari la ligi. Likiletwa likiwa limechakaa, limejaa mwandiko wa mikono tofauti, lina malalamiko na majibu, lina rufaa iliyokubaliwa na nyingine iliyokataliwa kwa sababu zilizoandikwa, akabidhi jezi zake kwa moyo mweupe. Na kama daftari halipo, jezi azitoe vilevile, kisha atoe mfukoni kalamu na daftari jipya, amkabidhi mfungwa mmoja mbele ya wenzake.